Ladha Iliyozidi Kwenye Sufuria ya Bi Thoa

Supu ilipoanza kusifiwa ndipo Bi Thoa alipoanza kukosa usingizi.

Mtu mwingine angeshukuru. Bi Thoa alikuwa na kibanda cha supu ya tambi karibu na soko la Long Hoa, kule Tay Ninh, supu ya watu waliofunga nyama: figili, magunzi ya mahindi, uyoga, tofu ya kukaanga, basi. Siku ya kwanza ya mwezi mwandamo na siku ya kumi na tano, siku ambazo hata walevi wa mtaa huacha nyama kwa kuiogopa Mbingu, viti vilijaa. Siku zilizobaki alikaa na upepeo mkononi anafukuza nzi. Nzi yeye haui. Anawapepea waende kwa jirani, wakafanye huko wanayoyafanya.

Sasa kifundo cha mkono kikamvimba, kikakataa kunyanyua hata birika, ikabidi sufuria ashike mkamwana wake, Diem. Na tangu Diem ashike sufuria watu wakaanza kuja hata siku zisizo za mfungo. Madereva wa bodaboda. Wasichana wa benki na viatu vyao vya kugongagonga. Watu ambao jana yake tu umewaona wanatafuna miguu ya kuku, leo wanalamba bakuli la figili na kuomba jingine.

"Tangu lini," Bi Thoa alimwuliza Diem, "mtu mwenye hela ya nyama akaja kununua figili?"

"Labda wameipenda, Mama."

"Labda. Hilo neno mwizi analipenda sana."

Diem akaendelea kumenya figili. Na hilo nalo lilimtia Bi Thoa wasiwasi. Msichana asiyejibu ana kitu amekikalia.

Halafu fikiria alikotoka. Loc, mwana wa pekee wa Bi Thoa, dereva wa lori, katika wasichana wote wa Tay Ninh waliolelewa kwenye sala na tofu, hakuona mke. Akaenda kumwona pwani, Phan Thiet, kwa watu wanaovundika dagaa na chumvi kwenye mapipa makubwa kama nyumba, mpaka yanatoka maji mekundu yanayonuka, na maji hayo ndiyo nchi nzima inayatia kwenye kila chungu. Babu yake Diem mapipa. Baba yake mapipa. Msichana amelala utoto wake wote katikati ya harufu ile. Siku ya harusi Bi Thoa alimkumbatia akamnusa shingo, watu wakadhani ni mapenzi.

Sasa kwa nini mtu mzima ahangaike hivyo kwa ajili ya supu? Kwa sababu haikuwa supu. Ilikuwa Loc.

Loc alipokuwa mdogo alishikwa na homa ile ya mbu, damu ikamtoka puani na kwenye fizi, daktari akamwambia mama amwite baba wa mtoto haraka. Baba alikuwa amekwisha kufa. Bi Thoa akatoka uani kwa daktari, akainua uso, akaapa: huyu akipona, kinywani mwangu hakitapita tena kitu kilichowahi kupumua, mpaka nife. Loc akapona. Bi Thoa akashika neno lake kwa meno. Nyama hakugusa, samaki hakugusa, yai hakugusa, kahawa alikunywa nyeusi kwa sababu maziwa yana mwenyewe. Mapera ya barabarani hakununua, maana kisu cha muuzaji kimepita kwenye chumvi ya pilipili iliyosagwa na uduvi. Hariri hakuvaa, kwa kuwa wale wadudu wanachemshwa hai. Hata mbu, walewale waliotaka kumuua mwanawe, aliwawashia dawa ya moshi tu na kusema: mimi nimewasha moshi, kufa ni shauri lao.

Na moyoni alijua hivi, hakumwambia mtu: ile ni hati ya maisha ya Loc. Siku kitu kilichopumua kikipita kinywani mwake, Loc yuko barabarani na lori, na barabara za kule si za mchezo.

Na alikuwa anakula ile supu. Kila siku bakuli mbili. Hapo ndipo ilipomchoma. Alikuwa anaitamani.

Mtasema angeweza kuonja tu akajua. Ndivyo unavyodhani wewe mla nyama. Bi Thoa alikuwa hajatia maji ya dagaa mdomoni tangu Loc hajaota meno ya pili. Alikuwa ameisahau ladha yake kabisa, kama mtu anavyosahau sauti ya marehemu. Kilichomlinda kwa miaka yote ndicho kilichomwacha kipofu. Akionja supu alisikia kitu kizito, kitamu, kinachokaa nyuma ya ulimi. Ni dagaa? Ni uyoga? Hajui. Wenzake waliofunga maisha nao hawajui. Wote ndimi zao safi, na zote hazina msaada.

Akaanza kupeleleza. Alimnusa Diem mikono akijifanya anaangalia kucha. Alipekua mashimo ya ukuta. Alihesabu vitunguu sijui kwa nini. Mpaka asubuhi ya siku ya kwanza ya mwezi, watu wamejaa, Diem yuko mbele anagawa bakuli, Bi Thoa akaingiza mkono nyuma ya gunia la mchele na kuukuta mwili wa chupa. Imeviringishwa kitambaa. Ndani maji ya rangi ya chai kali. Akazibua. Harufu ikamgonga, ya chumvi, ya kitu kilichokaa juani kikachacha.

Akakaa juu ya gunia. Loc alikuwa njiani kwenda kaskazini na shehena ya mihogo.

Lakini Bi Thoa si mtu wa kupiga kelele bila ushahidi. Alitaka ulimi. Na ulimi wa kujua dagaa ulikuwa mmoja tu wa karibu, na ulikuwa wa mtu ambaye hakumsalimia tangu mvua za mwaka juzi: Luom, muuza bata wa kuchoma, waliyepakana naye ukuta wa nyuma. Mtaani alikuwa Kaka Saba, na Bi Thoa alikuwa Dada Sita, maana kule mtu huitwa kwa namba ya kuzaliwa kwao. Walinuniana kwa sababu ya mfereji wa maji machafu, ambamo Luom alitiririsha damu ya bata na Bi Thoa akaenda kumsemea mpaka kwenye nyumba ya sala.

Akachota supu kidogo kwenye kikombe, akaficha chupa kwapani, akatoka kwa mlango wa nyuma.

"Loo! Dada Sita!" Luom aliweka kisu chini. "Nikufungie bata mzima au nusu?"

"Funga mdomo kwanza, huo mzima."

"Basi karibu. Umekuja kuniombea?"

"Nataka uonje kitu."

"Mimi? Mimi muuaji? Si ni wewe uliyewaambia watu mfereji wangu unanuka dhambi?"

"Unanuka. Onja."

Luom alicheka mpaka akashika meza. "Subiri kwanza, nina swali langu la siku nyingi. Wale funza unaowatoa kwenye kabichi na kuwarusha upande wangu wa ukuta, unajua wanaishia wapi?"

"Nawaachia huru. Siui mimi."

"Huru! Bata wangu wanapanga foleni pale ukutani tangu alfajiri, Dada Sita. Wewe ndiye unayewanenepesha. Mimi nachinja tu ulichokilisha."

Hilo lilimwingia kama mwiba, lakini hakumwonyesha. "Sikuja kuhubiriwa na mchinja bata. Onja, niondoke kwenye mafuta yako."

Luom akaonja supu. Akaipokea chupa, akadondoshea kiganjani, akalamba, akafumba macho.

"Mh."

"Mh nini?"

"Hebu niache kidogo, niko mbali." Akalamba tena. "Haya ni ya pwani. Hayajachanganywa na maji. Haya ni ya pipa la kwanza, Dada Sita. Umeyapata wapi? Niuzie."

"Ni dagaa?"

"Mimi nimeachishwa ziwa kwa maji ya dagaa. Unaniuliza?"

Bi Thoa hakusema ahsante. Alirudi kibandani na chupa mkononi wazi, akawapita wateja wote na mavazi yao meupe ya sala, akafika kwenye jiko, akaweka mguu kwenye ubavu wa sufuria, akaisukuma. Supu yote ikaenda barabarani na figili zake.

Watu waliruka. Msichana mmoja wa benki alipandisha miguu juu ya kiti.

"Msile!" alisema Bi Thoa. "Mnakula dagaa. Huyu hapa katia dagaa."

Mzee Ngai, mwangalizi wa nyumba ya sala ya mtaa, alikuwa na tambi inaning'inia mdomoni. Hakujua aimeze au aiteme. Akaishika kwa kidole.

"Nimekula nini mimi?"

"Umekula alichokupikia binti wa mapipa."

Bibi mmoja alikimbilia mferejini na kujitia vidole kooni. Mwingine akasema si dhambi kama hukujua. Mwingine akamwambia anyamaze, yeye mwenyewe ameomba bakuli la pili, na la pili aliliomba kwa kuujua utamu wake. Diem alikuwa amesimama na upawa, mchuzi unamdondokea miguuni.

"Ni nanasi," alisema.

"Nini?"

"Nanasi, Mama. Maganda na mioyo ya mananasi, na chumvi. Nimechemsha, nimeanika juani, nimechemsha tena mpaka yakawa hivyo. Nyumbani nilikuwa najua ladha inatakiwa ifike wapi. Nikaitafuta bila samaki mpaka nikaipata."

"Mbona umeificha nyuma ya gunia?"

"Ningeiweka mezani ungesema nini?"

Bi Thoa alijua fika angesema nini, maana alikwisha kuyasema, na soko zima lilimsikia. Kulikuwa na mwanamke anayetengeneza bata wa ngozi ya soya, na bata huyo ana mpaka vitundu vya manyoya. Bi Thoa alimwambia mbele ya watu: wewe hujaacha bata, umemkosa tu.

"Hapo nami nina neno," alisema Mzee Ngai, tambi imekwisha kwenda anakokujua mwenyewe. "Mtu akifunga nyama huku anaitamani ladha yake, je, amefunga?"

"Babu," alisema msichana wa benki, "sasa hapo nani amekufa? Nanasi limelia?"

"Tamaa ni tamaa, binti."

"Basi na sukari muiache."

"Kama ni nanasi!" alipiga kelele Bi Thoa. "Mnabishana habari ya tamaa, kwanza tujue kama ni nanasi! Luom kaonja, kasema dagaa wa pipa la kwanza."

Luom alikuwa amekwisha kufika na aproni yake ya mafuta, hawezi kukosa. Akasikia nanasi, akakodoa macho. "Nanasi? Hapana bwana." Akaichukua chupa akalamba tena. "Hapana bwana! Binti, umenifanya mimi mjinga?"

Akamleta paka wake. Lilikuwa wazo lake, na lilikuwa wazo la maana kuliko yote yaliyotoka kinywani mwake. Visahani viwili chini: kimoja maji ya dagaa ya dukani kwake, kingine ya chupa ya Diem. Watu wakainama kama wanaangalia kamari. Paka akanusa cha Diem, akapiga chafya, akageuka. Akaenda kwenye dagaa akaramba mpaka kisahani kikatembea.

"Haya!" alisema msichana wa benki. "Kesi imekwisha."

"Kaenda kwa cha kwao alichozoea," alisema Bi Thoa. "Paka wa mchinjaji ndiye shahidi wangu mimi?"

Diem aliweka upawa chini, akaingia ndani. Wateja wakaondoka mmoja mmoja.

Baada ya hapo Bi Thoa alikula wali na chumvi ya ufuta. Aliupika mwenyewe, kwa mkono mmoja, kwenye kisufuria alichokisugua kwa mchanga. Diem alipika supu kila asubuhi bila chupa, figili na magunzi kama zamani, na hakuja mtu. Wa mfungo waliogopa, na wasio wa mfungo walisema haina ladha. Nyumbani waliongea kwa milango: huyu anafunga kwa nguvu, yule anafungua kwa nguvu. Loc alipopiga simu kila mmoja alisema wote wazima.

Asubuhi ya siku ya kumi na tano Bi Thoa alimkuta Diem anakunja nguo kitandani, begi liko wazi.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani."

"Kwenye mapipa."

"Ndiyo, Mama. Kwenye mapipa. Kule mtu akisema hiki ni kitu fulani, wanamwamini au wanakionja, hawakimwagi."

"Loc atasema nini?"

"Loc atanifuata huko. Hatarudi kukaa hapa, nakwambia ukweli usije ukashangaa."

Bi Thoa akasimama mlangoni, hapishi njia wala haingii. Kisha akamwambia kile ambacho hakupata kumwambia mtu, kwa ukali, kama anayemtukana. "Wewe hujui mimi nimeapa nini. Hujui kilichoning'inia kwenye kile chungu."

"Najua."

"Nani kakwambia?"

"Loc. Anajua tangu mtoto. Ulikuwa unaomba kwa sauti, Mama, nyumba nzima inasikia." Diem aliacha shati nusu limekunjwa. "Wewe unamwogopea mwanao. Mimi simwogopei mume wangu? Nitie dagaa kwenye kiapo kinachomshikilia mume wangu barabarani, ili nipate nini? Sifa za waendesha bodaboda?"

Bi Thoa alipisha njia.

Alikwenda kukaa uani. Msidhani alilia, hakulia. Alikuwa anapiga hesabu zake. Kile kitu cha chupa amekila kwa miezi, asubuhi bakuli, jioni bakuli. Basi, kama ni dagaa, kiapo kilivunjika zamani, na Loc yuko njiani anaendesha, jana kapiga simu anacheka, kaomba apikiwe maboga akirudi. Kama ni dagaa na Loc mzima, basi kiapo hakikuwa kinashika kitu. Miaka yote ile. Mapera yote ambayo hakuyala. Yule mtoto alipona kwa sababu tu alipona, na Mbingu wala haikuwa inasikiliza pale uani kwa daktari.

Hapo Bi Thoa alishindwa kuendelea. Aligeuka kila upande, njia ya kupita hakuiona. Ikiwa msichana ni mwongo, kiapo ni upuuzi. Ikiwa kiapo ni kweli, basi kwenye chupa ni nanasi. Alimtafuta Diem kosa jingine lolote ambalo lingemwacha yeye na kiapo chake salama, hakulipata. Alikasirika mno. Kumwamini mkamwana kwa kukosa pa kutokea si jambo ambalo angemsimulia mtu.

Alivaa vazi lake jeupe la sala. Alikwenda akaketi kibandani, meza ya mbele kabisa, inayoonekana na barabara nzima. Watu walikuwa wanatoka sala ya asubuhi. Wakamwona, wakapunguza mwendo.

"Diem!" aliita. "Tia bakuli."

Diem alitoka na viatu vya safari miguuni. Akamtazama.

"Supu hiyo ni ya bila chupa, Mama."

"Nimesema nataka ya bila chupa? Kailete chupa. Itie hapa, mbele ya macho yangu, na wote hawa waone."

Diem akaenda ndani. Alikaa kidogo, mpaka wengine wakadhani hatoki. Akatoka nayo. Akatia. Bi Thoa aliuangalia mkono wake tangu chupa inazibuliwa mpaka inazibwa, hakupepesa. Kisha akainamia bakuli akala. Alikula tambi, akala figili, akainua bakuli akanywa mpaka mwisho, koo linapanda na kushuka, na mtaa mzima unahesabu mafunda yake.

Akaweka bakuli chini. Akajifuta mdomo kwa nyuma ya mkono.

"Chumvi imezidi," alisema.

"Kesho nitapunguza," alisema Diem.

"Leo. Kuna watu leo."

Mzee Ngai alikuwa amesimama pembeni mwa meza na kofia yake mkononi, anataka kukaa, anaogopa kukaa. "Dada Sita," alisema polepole, "sasa nieleze vizuri. Inaliwa au hailiwi?"

Bi Thoa alimtazama kuanzia viatu kwenda juu.

"Kaa ule, au wapishe wenzako kiti."